Kuwaka Si Kuendelea

Gari likigoma kuwaka kabisa, fundi ana kazi ngumu, kwa sababu hakuna kifaa kisichoshukiwa. Likiwaka kisha likazima baada ya muda mfupi, washukiwa wamepungua nusu. Betri ilikuwa na nguvu ya kuzungusha starta. Silinda zilibana hewa. Plagi zilitoa cheche, na lisansi, kama petroli inavyoitwa Rwanda, ilifika mahali pake angalau mara moja. Gari limejitolea ushahidi lenyewe. Linalobaki ni kutafuta kilichokuwapo wakati wa kuwaka kikakosekana wakati wa kuendelea.

Rusizi, wilaya ambayo wazee bado huiita Cyangugu, ina mazingira yanayouchokoza ugonjwa huu. Bonde la mto Rusizi karibu na Bugarama ndipo mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda, takriban mita 950 kutoka usawa wa bahari. Gari linalotoka Kigali kupitia Huye hufika Kamembe, mji wa wilaya hiyo, baada ya kuvuka msitu wa Nyungwe, ambako barabara hupanda hadi karibu mita 2,500. Huko juu mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Kule Bugarama unakaribia tisa ya kumi. Kabureta la zamani halina habari na milima. Hupitisha lisansi kwenye tundu la ukubwa uleule, hewa iwe nzito au nyepesi. Kwa hiyo gari lililorekebishwa silensa bondeni, yaani ule mzunguko wa taratibu wa injini gari likiwa limesimama, huweza kulewa lisansi msituni, likatoa moshi mweusi na kuzima mara dereva anapoinua mguu.

Fundi mzoefu huanza kwa kuuliza limezima lini.

Likizima pale pale ufunguo unapoachiwa urudi nyuma kutoka kwenye starta, njia ya umeme ndiyo ya kuangaliwa. Likikimbia sekunde chache kisha likafa, huenda lilikuwa linatumia lisansi iliyobaki kwenye bakuli la kabureta au mgandamizo uliobaki kwenye bomba, na pampu au filta haileti nyingine. Likiwaka tu dereva akikanyaga mafuta, likafa akiachia, shaka inaangukia kwenye masizi yaliyoziba mlango wa hewa, valvu ya silensa iliyokwama, au mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini na kuingiza hewa isiyopimwa. Likienda vizuri dakika kumi kisha likakata, fundi hufungua kifuniko cha tanki na kutega sikio: hewa ikiingia kwa mluzi, tundu la kupumulia limeziba na tanki lilikuwa linavuta utupu. La sivyo, hushika koili aone kama limechemka kupita kiasi.

Katika hali hizo zote, ile ya ufunguo kuachiwa ndiyo inayofundisha zaidi. Magari mengi ya zamani yenye platini yana kipande kidogo cha kauri kinachopunguza nguvu ya umeme unaokwenda kwenye koili, ili koili lisiungue safarini. Wakati wa kupiga starta, umeme hukiruka kipande hicho na kupita njia ya mkato, koili likapata nguvu kamili. Ufunguo ukirudi, njia ya mkato hufungwa na umeme hulazimika kupita kwenye kauri. Kauri ikiwa imekatika ndani, injini huunguruma kwa furaha kwa muda ule tu mkono unapoushikilia ufunguo, kisha kimya.

Baadhi ya Toyota za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zina mpangilio unaofanana na huo upande wa mafuta. Relei ya pampu ina koili mbili. Ya kwanza hupata umeme starta inapozunguka. Ya pili huamshwa na swichi iliyomo kwenye kipimo cha hewa: injini ikivuta hewa, ulimi mdogo husogea, swichi hufunga, pampu huendelea. Watengenezaji walikusudia usalama, kwamba gari likipata ajali na injini ikasimama, pampu isiendelee kumwaga mafuta. Swichi ile ikichoka, gari huwaka kwa koili ya kwanza na kufa kwa kukosa ya pili. Fundi hulithibitisha hilo kwa waya mfupi. Huunganisha Fp na +B kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, pampu ikapata umeme moja kwa moja. Gari likikubali kubaki hai, mkosaji amejulikana.

Mainjinia wa Japani, basi, walichora njia moja ya kuanza na njia nyingine ya kuendelea, na kila njia ikawa na sababu yake. Mwanafalsafa anayesoma mchoro huo wa nyaya anakuta humo ubishi wa karne kumi juu ya Mungu na ulimwengu.

Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliwapinga watu waliodhani kwamba kitu kikishapata kuwako hakimhitaji tena aliyekisababisha. Walitoa mfano wa mwashi, ambaye hufa na nyumba ikabaki. Ibn Sina alijibu kwamba mwashi hakuwa kamwe sababu ya nyumba kuwako. Alisogeza tu mawe na udongo, na kusogeza kwake kulipokoma, kusogea kulikoma. Kinachoishikilia nyumba kila saa ni tabia ya vitu vyenyewe, na vitu hivyo navyo vinahitaji kushikiliwa. Zaidi ya karne mbili baadaye Mtakatifu Thomas Aquinas aliichukua hoja hiyo katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 104. Alitenganisha sababu ya kitu kutokea na sababu ya kitu kuwa. Mjenzi, alisema, hutumia saruji, mawe na mbao zenye uwezo wao wenyewe wa kushikamana. Mwanga uliomo hewani ni jambo jingine: jua likiondoka, nao huondoka papo hapo. Kwa Aquinas, uhusiano wa ulimwengu na Mungu unafanana na ule wa mwanga na jua.

Msomaji wa Rusizi hahitaji kwenda Italia ya karne ya 13 kuona tofauti hiyo. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa kiko Bugarama na kimekuwa kikizalisha tangu 1984; nyumba zilizojengwa kwa saruji yake zimesimama ingawa waliozijenga wengine wamekwisha kuzikwa. Taa zilizomo ndani ya nyumba hizo zina masharti mengine. Mto Rusizi, ukitoka Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika, huzungusha mitambo ya umeme, ukiwemo wa Rusizi II uliofunguliwa 1989 na kugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Umeme wa jana hauwashi taa ya leo. Mtambo ukisimama na pasiwe na mwingine wa kuusaidia, giza haliombi muda.

Ulimwengu, basi, ni nyumba au ni taa?

Katika Ulaya ya karne ya 18 wengi walichagua nyumba, au tuseme saa. Novemba 1715 Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, alimwandikia barua Caroline, mke wa Mwanamfalme wa Wales, akiwashambulia Newton na wafuasi wake. Newton alikuwa ameandika kwamba mwendo wa sayari huenda siku moja ukahitaji kurekebishwa. Leibniz alicheka: Mungu wa Newton ni fundi hafifu, anayelazimika kuisafisha na kuikarabati saa yake mara kwa mara, na kadiri anavyorudi kuikarabati ndivyo anavyoonyesha kuwa hakuijua kazi tangu mwanzo. Samuel Clarke, mchungaji na rafiki wa Newton, alijibu kwamba saa inayokwenda bila fundi ni sifa kwa fundi wa kibinadamu tu, kwa kuwa yeye huunganisha vipande ambavyo nguvu yake haikuviumba. Ulimwengu unaokwenda wenyewe bila Mungu, kwa Clarke, ni njia ya kumtoa Mungu nje kwa adabu. Barua ziliendelea hadi Leibniz alipofariki Novemba 1716, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Mchoro wa relei unawapa wote wawili shida. Waliompenda Mungu wa saa walidhani mashine nzuri ni ile inayoachwa ikaenda, lakini hakuna mashine ya namna hiyo. Saa iliendeshwa na springi iliyokuwa ikikunjuka kila nukta; gari huendeshwa na lisansi na cheche mpya kila mzunguko. Anayesema Mungu aliuwasha ulimwengu kisha akaondoka bado hajaeleza ulimwengu unaendelea kwa nini. Upande wa pili, mshikilizi wa Clarke anaweza kugeuka mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Aquinas hakusema Mungu huja kurekebisha. Alisema Mungu hutoa kuwako kwenyewe, kwa nyaya nzima na kwa waya uliokatika.

Upande wa Uislamu ubishi ulikuwa mkali zaidi, na muumini wa Bugarama au Kamembe anayesoma Ayatul Kursi yuko ndani yake hata kama hajalisikia jina la al-Ghazali. Aya hiyo ya Kurani inamtaja Mwenyezi Mungu kuwa msimamizi wa vyote, asiyeshikwa na kusinzia wala usingizi. Al-Ghazali, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1095 kuwajibu wanafalsafa, aliipeleka imani hiyo mbali. Pamba ikikutana na moto, alisema, macho huona pamba ikiungua wakati wa kukutana. Hayaoni kwamba moto ndio ulioiunguza. Anayeunguza ni Mungu, moja kwa moja au kupitia malaika wake, na mfuatano tunaouona ni desturi aliyoiweka. Kwa maneno ya gereji: cheche na mlipuko hufuatana kila mara, lakini cheche hailipui kitu.

Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu baadaye katika karne ya 12. Anayekana sababu, alisema, anaikana akili, kwa maana kujua kitu ni kujua sababu zake. Hoja hii ina uzito wake mbele ya boneti iliyofunguliwa. Kama relei haifanyi lolote, fundi anabadilisha relei kwa nini? Mfuasi wa al-Ghazali ana jibu: fundi anatafuta mahali ambapo desturi ya Mungu hupitia, na desturi hiyo ni thabiti kiasi cha kuuzia vipuri. Kwa hiyo mafundi wawili, mmoja wa Ibn Rushd na mwingine wa al-Ghazali, wangefungua skrubu zilezile, wakapima kwa mita ileile, wakabadilisha kipuri kilekile na kumdai mteja fedha sawa. Tofauti yao haionekani kwenye bili. Iko katika maana ya neno “kwa sababu” wanapomweleza mteja.

Rwanda nayo ilikuwa imelitafakari jambo hili kabla ya vitabu hivyo kufika. Msemo unaojulikana nchini kote, “Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda”, unasema kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa na jioni hurudi Rwanda kulala. Wageni wamezoea kuusikia kama majivuno ya uzalendo. Ndani yake mna msimamo juu ya kuendelea: Imana hakuumba akaenda zake, anarudi kila usiku. Desturi ya zamani inautia nguvu ufahamu huo. Mwanamke aliyetumaini kupata mtoto aliacha maji kidogo ndani ya nyumba kabla ya kulala, amazi y'Imana, ili Muumba asikose maji ya kufinyangia. Uumbaji katika desturi hiyo haukuwa tukio la siku ya kwanza ya dunia. Ulikuwa kazi ya usiku huu, katika nyumba hii.

Aliyejaribu kuyaweka mawazo ya Kinyarwanda katika mpangilio wa kifalsafa ni Padri Alexis Kagame, mwanahistoria aliyezaliwa 1912 na kufariki 1981. Katika kitabu chake cha 1956 juu ya falsafa ya kibantu ya Rwanda, aligawa vyote vilivyopo katika makundi manne: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Paulin Hountondji wa Benin na wengine wamemkosoa kwa kuchimba falsafa kutoka kwenye sarufi, na ukosoaji wao haujazimwa. Lakini kuna hatua moja ya Kagame inayosaidia hapa: alimweka Imana nje ya makundi yote manne. Relei ni kitu. Muda wa kuzima na mahali pa kuzima ni kundi la tatu. Kuzima kwa ghafla au kwa kusitasita ni namna. Imana, kwa hesabu hiyo, hawezi kuwa kipande kimojawapo cha mnyororo, na fundi ambaye hajampata kati ya pampu na filta hajathibitisha lolote juu yake.

Hapo ndipo mafundisho haya ya Mungu anayeshikilia vyote yanapokutana na mtihani wao mgumu. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 5.9 liliikumba Rusizi, Nyamasheke na Bukavu. Zaidi ya watu 30 walifariki upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa kanisani. Nyumba zilizosimama bila waashi zilionekana kuwa zilishikiliwa muda wote na kitu ambacho hakuna aliyekitazama, ardhi, na ardhi hiyo iko juu ya ufa wa bara unaozidi kupanuka. Kama Mungu hushikilia kila kitu kila nukta, alikuwa akiushikilia na mtikisiko.

Aquinas alikuwa na jibu kwa ubaya kwa jumla. Mtu mwenye mguu uliopinda akitembea, alisema, mwendo unatoka kwenye nguvu ya uhai, kuchechemea kunatoka kwenye mguu. Mungu hutoa kuwako; upungufu ni wa kiumbe. Fundi analielewa jibu hili haraka, maana kazi yake yote ni kutafuta kilichokosekana: hewa iliyopungua, waya uliokatika, swichi isiyofunga. Lakini jibu linalotosha kwa mguu na kwa gari huwa jembamba mbele ya uwanja wa Kamarampaka pale Kamembe. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu walihamishiwa uwanjani humo, na baadhi yao wakaitwa kwa majina na kutolewa kwenda kuuawa. Wanyarwanda wengi wameugeuza msemo wao wa zamani kuwa swali: siku zile Imana alikwenda kulala wapi? Swali hilo halijibiwi kwa kutofautisha aina za sababu, na teolojia inayojifanya imelijibu hivyo haistahili kusikilizwa.

Kuna pingamizi la pili, baridi zaidi, kutoka kwa wasioamini. Newton, katika kitabu cha 1687, aliweka kanuni kwamba kitu kilichomo mwendoni huendelea na mwendo wake mpaka kizuiliwe. Mwendo hauhitaji msukumaji. Kwa nini kuwako kusiwe hivyo pia? Huenda kitu kilichoko huendelea kuwako chenyewe, na kinachohitaji sababu ni kukoma kwake.

Barabara ya kutoka Nyungwe kushuka Kamembe huonyesha hali zote mbili kwa mara moja. Injini ikizima kwenye mteremko, hufa papo hapo, maana moto wake ulihitaji lisansi ya nukta ile. Magurudumu hayajui kilichotokea. Gari huendelea kushuka kwa kasi, usukani wenye msaada ukiwa mzito na breki zikizidi kuwa ngumu kadiri dereva anavyokanyaga, kwa kuwa utupu uliokuwa unazisaidia ulitoka kwenye injini. Kitu kimoja kimekoma kwa kukosa mshikilizi, kingine kinaendelea bila mshikilizi, ndani ya gari lilelile. Anayehubiri kwamba ulimwengu hushikiliwa kama moto wa injini ana wajibu wa kuonyesha kwa nini haufanani na magurudumu, na anayeufananisha na magurudumu ana wajibu uleule upande wake.

Kwa gari wajibu huo ni mwepesi. Fundi huchomoa waya aone kama injini inakufa, huurudisha aone kama inapona, hubadilisha kipuri kwa kingine kizima na kulinganisha. Uchunguzi wote wa gereji umejengwa juu ya uwezo wa kuondoa kitu na kutazama kinachofuata. Fundisho la mshikilizi halina njia hiyo, kwa sababu lenyewe linasema hakuna nukta ambayo Mungu ameondolewa, wala ulimwengu wa pili uliochomolewa wa kulinganisha na huu. Mwenye kuona ulimwengu kama magurudumu naye hawezi kuonyesha nukta moja ambayo ana hakika haikushikiliwa. Al-Ghazali alisema macho huonyesha kufuatana tu, hayaonyeshi kinachotenda, na alilisema dhidi ya wanafalsafa. Onyo hilo linamrudia yeye vilevile, kwani naye hakuuona mkono uliounguza pamba. Aliupokea kwa hoja nyingine na kwa imani, na hoja hizo zinapimwa kwa vipimo vyao, mbali na kisanduku cha Fp na +B.